Chipu isiyo na jina kwenye bodi ya mizani

Swali

"Jambo yenu, yaya. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Nilinunua mizani ya kielektroniki ya zamani kwa wauza vyuma chakavu, ile ya kupimia magunia. Haiwaki. Ndani nimekuta bodi yenye Z80, ile prosesa ya zamani, na jirani yake chipu nyeusi ya plastiki yenye miguu 24. Juu yake kumeandikwa nambari ya kampuni iliyotengeneza mizani, na 8412, basi. Nambari hiyo nimeitafuta kila mahali, haipo. Nimeona picha za watu wanaofungua chipu za zamani na kusoma yaliyomo kwa hadubini, na tangu siku hiyo silali vizuri. Rafiki yangu wa kiwandani anaweza kunipatia asidi ya salfuriki. Chipu ninayo moja tu. Nianzie wapi?"

Jibu

Mdogo wangu, jambo sana. Asidi mrudishie rafiki yako, na chipu hiyo iache ilivyo. Kiu uliyo nayo naijua, na sitaki kuizima. Lakini chipu unayo moja, na kwa maelezo uliyonipa naona unaweza kuyajua yote yaliyomo bila kuikwaruza. Ufundi wa kufungua na kusoma silikoni nitakuonyesha pa kuuanzia, ila uanze na chipu ambazo jibu lake linajulikana tayari, ili ukikosea ujue kwamba umekosea.

Kwanza maandishi. Ile 8412 ni tarehe: wiki ya 12 ya mwaka 1984. Chipu nyingi za enzi hizo zina tarakimu nne za namna hiyo, mbili za mwaka na mbili za wiki, na zinapotosha mafundi kila siku. Chipu iliyotengenezwa mwaka 1974 ikiwa na chapa 7432, mtu anadhani ameshika ile 7432 yenye milango minne ya OR, yaani saketi ndogo za kimantiki, kumbe anasoma wiki ya 32. Nambari ya pili, ile ya kampuni ya mizani, ni nambari ya ghala lao. Makampuni makubwa yaliagiza chipu kwa maelfu na kutaka zipigwe chapa ya nambari zao wenyewe. Hewlett-Packard walitumia nambari zinazoanza na 1820 kwa chipu zao za kimantiki, na nyingi kati ya hizo ni 7400 na ndugu zake, zile zile zilizomo kwenye droo yako. Nilipokuwa naanza, nilipoteza wiki tatu juu ya chipu ya miguu 14 nikiamini nimeshika siri ya kiwanda. Nilichora kila njia ya bodi, nikakesha. Mwishowe nikatulia nikaona mguu wa 7 ni hasi, wa 14 ni chanya, na miguu 12 iliyobaki imejipanga tatu tatu: miwili inaingiza, mmoja unatoa. Ilikuwa 7400, milango minne ya NAND, ya bei ya mkate.

Ya kwako naidhania kitu kingine. Z80 haina kumbukumbu ya kudumu ndani yake. Ukiiwasha, inaanza kuchota maagizo kutoka nje, kwenye anwani 0000, na lazima kuwe na chipu inayomjibu. Hukuniambia umeona chipu yenye kidirisha cha kioo juu yake, kwa hiyo nachukulia haipo. Basi anayejibu ni yule wa miguu 24. Hebu tuhesabu pamoja. Kumbukumbu ya baiti 2,048 inataka miguu 11 ya anwani na 8 ya data, jumla 19. Ongeza miwili ya umeme, 21. Inabaki mitatu ya kuichagua, 24. Imejaa kamili. Ikiwa ni ya baiti 4,096 basi anwani ni 12 na ya kuchagua miwili. Ikiwa ni ya 8,192, anwani ni 13 na wa kuchagua mmoja. Zote ni 24. Kumbukumbu za namna hii ziliandikwa kiwandani moja kwa moja, programu ya mteja ikiwa imechorwa ndani ya silikoni, ndiyo maana zilibeba nambari ya mteja na huwezi kuzikuta kwenye katalogi yoyote. Naam, ni chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini miguu yake imepangwa kama ya watu wote.

Hakikisha kwa mita. Chomoa umeme, weka mita kwenye mlio. Mguu wa 12 wa chipu yako uite na mguu wa 29 wa Z80, hiyo ndiyo hasi. Mguu wa 24 uite na mguu wa 11 wa Z80, ndiyo chanya ya volti 5. Sasa data. Biti ya kwanza kwenye Z80 iko mguu wa 14 na inapaswa kufika mguu wa 9 wa chipu. Ya pili inatoka 15 kwenda 10, ya tatu inatoka 12 kwenda 11. Hapo chipu inaruka hasi yake, kisha 8 kwenda 13, 7 kwenda 14, 9 kwenda 15, 10 kwenda 16, na 13 kwenda 17. Anwani ni rahisi zaidi: mguu wa 30 wa Z80 unaita na wa 8, wa 31 na wa 7, unashuka hivyo hadi wa 37 unapokutana na mguu wa 1. Kama kati yao kuna chipu ya 74LS244 au 74LS245, zile za kupitisha ishara, mlio utakatikia hapo. Vuka upande wa pili wa chipu hiyo uendelee. Angalia pia mguu wa 22 wa Z80, ambao ndio unaoamuru kuandika. Ukifika kwenye mguu wa 21 wa chipu yako, basi umeshika kumbukumbu ya muda, haina programu, na tutatafuta kwingine.

Miguu ikikubali, ichomoe chipu kwa subira. Kama haiko kwenye soketi, usiipashe moto mguu mmoja mmoja huku ukivuta. Nyonya risasi yote kwanza, kila mguu ucheze wenyewe kwenye tundu lake, ndipo uinue. Weka soketi mahali pake. Kisha iunge na Arduino Mega, bodi ndogo ya kuprogramu, ambayo ina miguu ya kutosha na inafanya kazi kwa volti 5 kama chipu yenyewe. Kila mguu wa data uuvute kwenye chanya kwa rezista ya kilo-om 10, ili chipu ikikaa kimya usome FF, yaani biti zote nane ni 1, na usidanganywe na takataka za hewani.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Miguu 18, 20 na 21 ni ya kuichagua chipu, na kwenye kumbukumbu hizi za kiwandani mteja ndiye aliyeamua kila mguu uamke kwa volti 5 au kwa sifuri. Kifaa cha kawaida cha kusomea kumbukumbu za 2716 kinadhania mpangilio mmoja tu, ndiyo maana mtu anachomeka, anasoma FF tupu, anatangaza chipu imekufa. Haijakufa. Jaribu mipangilio yote minane. Saba itakupa FF, mmoja utakujibu. (Ikiwa ni ile kubwa yenye anwani 12 au 13, mipangilio zaidi ya mmoja itajibu, kila mmoja na data yake. Hapo umejifunza ukubwa wake.) Soma baiti zote, zima umeme, washa, soma tena, linganisha. Zisipofanana hata kwa baiti moja, safisha miguu urudie. Fanya kazi hii kwa kompyuta yenye betri nzuri, maana umeme ukikatika katikati ya kusoma utabaki na faili nusu na mashaka kamili.

Utajuaje kwamba ulichosoma ni programu kweli? Tazama mwanzo. Programu za Z80 mara nyingi huanza kwa F3, maana yake zuia kukatizwa. Au 31, weka mahali pa rundo, pale prosesa inapotunza vitu vyake kwa muda. Au C3, ruka uende mahali fulani. Mimi nikiona F3 kwenye baiti ya kwanza moyo hutulia. Kisha, kwa kuwa hii ni mizani na lazima ionyeshe tarakimu, tafuta mfululizo huu: 3F 06 5B 4F 66 6D 7D 07 7F 6F. Hizo ni tarakimu 0 hadi 9 zilivyochorwa kwa vijiti saba vya taa. Chukua ya pili, 06: ni biti mbili tu zimewaka, vile vijiti viwili vya kulia, na hiyo ni 1. Chukua 7F: vyote saba vimewaka, ni 8. Kama mtengenezaji alipanga nyaya zake kwa mpangilio mwingine utakuta baiti tofauti, lakini umbo litakuwa lile lile, baiti kumi mfululizo, na ya tarakimu 8 ndiyo yenye biti nyingi kuliko zote, au chache kuliko zote kama taa zinawaka kwa sifuri. Siku utakapoipata meza hiyo kwa jicho lako, utakuwa umeshaanza kazi uliyoniuliza. Kusoma mawazo ya mhandisi wa mwaka 1984 ndiko huko.

Neno moja kuhusu mizani yenyewe: mashine isiyowaka kabisa mara nyingi inaumwa kwenye umeme. Kagua kapasita kubwa za upande wa umeme kabla hujamshuku mtu mwingine yeyote.

Sasa asidi. Hapa kwetu asidi ya salfuriki tunaiona kama maji ya mvua, malori yanapita nayo, na watu wameizoea kwa sababu ndiyo inayotoa shaba na kobalti kwenye mawe. Mazoea hayo ndiyo yananitisha. Asidi iliyopunguzwa kwa maji ya kuyeyushia malakiti haifanyi lolote kwenye plastiki ya chipu. Itakula miguu ya chuma na kukuachia kipande cheusi kisicho na miguu. Plastiki hiyo inashindwa na asidi kali isiyo na maji, tena ikiwa imechemshwa, au na asidi ya nitriki inayofuka moshi. Hizo zinafanyiwa kazi ndani ya kabati la kuvuta moshi, na mtu aliyefundishwa. Tone moja la salfuriki ya moto kwenye jicho, na huna tena kazi ya hadubini. Utasikia pia habari za asidi ya haidrofloriki ya kuondoa kioo juu ya chipu. Hiyo inapenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni, inashuka kutafuta kalisi ya mifupa na ya damu, na inaua. Nyumbani kwako isiingie, hata kwenye chupa ndogo. Wengine huchemsha chipu ndani ya kolofani, ile ile ya kulehemia, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 300 kwa saa kadhaa. Inafanya kazi, lakini mvuke wake unashika moto, na simshauri mtu anayeanza.

Na huna haja nayo. Ziko chipu zinazofunguka kwa mkono mkavu.

Lakini kabla ya kufungua chochote, jifunze kusoma kwa picha za wengine. Mwaka 1975 kampuni ya MOS Technology ilitoa mikroprosesa ya 6502, iliyouzwa dola 25, na ambayo baadaye iliendesha Apple II. Greg James, Barry Silverman na Brian Silverman waliipiga picha kwa hadubini, wakachora kila tabaka, na mwaka 2010 wakaonyesha mfano wake unaokwenda ndani ya kivinjari cha intaneti, transista kwa transista, 3,510. Mradi wao unaitwa Visual 6502. Picha ni nzito, kwa hiyo usizipakue kwa salio la simu. Nenda penye mtandao mzuri, zihifadhi, rudi nazo nyumbani. Nataka ukae na picha hizo mwezi mzima.

Hiki ndicho utakachokiona. Juu kabisa kuna alumini, mistari minene ya rangi ya malai. (Mwana wa Katanga atauliza shaba iko wapi. Chipu za enzi hizo ziliunganishwa ndani kwa alumini; IBM ndio waliotangaza shaba mahali pake, mwaka 1997.) Chini ya alumini kuna mistari ya polisilikoni, na chini yake, ndani ya silikoni yenyewe, kuna sehemu zilizotiwa kemikali ili zipitishe umeme, ziitwazo difyusheni. Difyusheni ifikirie kama mfereji wa bustani. Polisilikoni ni lango la mbao linalokatiza mfereji. Kila mahali ambapo polisilikoni inakatiza juu ya difyusheni, hapo pana transista, na hakuna alama nyingine ya kutafuta. Lango likipata volti, mfereji unapitisha. Likikosa, mfereji unakauka.

Tafuta basi mahali ambapo mfereji mmoja unaanzia kwenye mstari mpana wa hasi, unakatizwa na lango moja, kisha unaendelea hadi kwenye transista nyembamba na ndefu iliyounganishwa na mstari wa chanya. Ile nyembamba lango lake limefungwa kwenye mfereji wake wenyewe. Hiyo iko wazi daima, lakini kwa unyonge, kama bomba linalotiririka kidogo kidogo. Inavuta njia ya kutokea kuelekea chanya muda wote. Ile pana ya chini ikifunguliwa, inaishinda na kuivuta njia hiyo hadi sifuri. Umeingiza 1, umepata 0. Umeingiza 0, umepata 1. Hicho ni kigeuzi, tofali la kwanza la jengo lote.

Sasa sogea pembeni kidogo. Utakuta mahali ambapo mifereji miwili, kila mmoja na lango lake, inashuka kwenye hasi kutoka kwenye njia ile ile ya kutokea. Lango lolote likifunguka, maji yote yanakwenda chini. Hiyo ni NOR. Na pengine utakuta mfereji mmoja umekatizwa na malango mawili, moja baada ya jingine, na lazima yote yafunguke ndipo upitishe. Hiyo ni NAND. Ukishayajua maumbo haya matatu unaweza kusoma sehemu kubwa ya 6502 ukiwa na penseli tu. Utaona mwenyewe kwamba upande mmoja wa chipu una vipande vinavyofanana vimerudiwa mara 8, na ndiyo biti nane za kila rejista, vile vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa. Na upande wa pili kuna wavu mpana wenye mistari 130 unaotafsiri maagizo. Chagua kigeuzi kimoja, kichore, kisha kibonyeze kwenye mfano wao uone kama kinafanya ulivyosema. Hapo ndipo chipu yenye jibu inapokufaa. Ukikosea kwenye chipu usiyoijua, hakuna wa kukuambia.

Na usidhani picha inasema yote. Ile Z80 iliyo kwenye bodi yako ilitoka mwaka 1976, kazi ya wahandisi Federico Faggin na Masatoshi Shima. Shima alijua kuna watakaoipiga picha ili waiige, akaweka humo transista chache za mtego. Kwa macho ni transista za kawaida, lakini silikoni chini ya lango imetiwa kemikali tofauti kidogo, isiyoonekana kwa hadubini, kwa hiyo mfereji uko wazi siku zote. Anayesoma kwa macho peke yake ananakili kosa. Ndiyo sababu nasisitiza kila unachokisoma kwenye picha ukipime pia kwa umeme.

Ukifikia hapo, tafuta chipu zako za kwanza. Bora kuliko zote ni zile zenye kidirisha, kama 2716 na 2764, ambazo zilifutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kuzifungua hakuhitajiki, kioo kiko tayari. Omba mbovu kwa mafundi wenzako. Utaona shamba kubwa la mistari iliyonyooka, na pembezoni saketi zinazochagua mstari na safu. Baiti zenyewe hutaziona, kwa sababu zimeandikwa kwa chaji ya umeme, na chaji haina rangi.

Ya pili ni 741, chipu ya kukuza ishara, ya kopo la chuma la duara, miguu minane. Fairchild waliitoa mwaka 1968 na mchoro wake wa ndani umechapishwa kwenye karatasi zake za maelezo, kwa hiyo jibu unalo mezani. Shika kopo kichwa chini, kata ukingo wake kwa msumeno mwembamba wa sonara, taratibu, ili vumbi la chuma lianguke nje lisiingie ndani. Silikoni utakayoiona ni ndogo kuliko punje ya mchele. Kitu kikubwa kuliko vyote juu yake ni bapa la chuma, ambalo ni kapasita ya pikofaradi 30 tu. Transista zake si za aina ya 6502. Ni visanduku vilivyo ndani ya visanduku, na nyingine ni duara ndani ya duara. Linganisha na mchoro hadi kila moja uijue kwa jina.

Ya tatu ni chipu za kauri zenye kifuniko cha chuma cha rangi ya dhahabu. Wembe imara kwenye kona, gonga kidogo, kifuniko kinang'oka. Ila sikiliza, wewe ni fundi wa redio: transista za nguvu za mitambo ya kurushia matangazo zina kauri nyeupe ambayo inaweza kuwa ya oksidi ya berili. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Hizo usizipasue, usizipige tupa, usizisage.

Hadubini. Ya hospitalini au ya shuleni inamulika kutoka chini, na silikoni haipitishi mwanga huo, utaona kivuli cheusi tu. Unahitaji hadubini ambayo mwanga wake unashuka kupitia lenzi ile ile unayotazamia, unagonga chipu na kurudi. Kuinunua ni ghali. Lakini sisi tuko Lubumbashi! Madini ya shaba nayo hayapitishi mwanga, na wanajiolojia wanayachunguza kwa hadubini ya namna hiyo hiyo, jiwe likiwa limekatwa na kusuguliwa hadi ling'ae. Mtafute mtu wa jiolojia, wa chuo kikuu au wa maabara ya mgodi, umwendee kwa heshima na chipu yako ikiwa safi. Atakuonyesha hata jambo ambalo mimi lilinichukua muda kulijua: wanabandika jiwe kwenye kioo kwa plastisini, kisha wanalikandamiza kwa kishinikizo kidogo ili uso wake ulale sawasawa. Fanya hivyo hivyo kwa chipu. Ikiinama hata kidogo, nusu ya picha itakuwa na ukungu.

Anza na lenzi ya mara 5 au 10. Mistari ya 6502 ina upana wa maikromita 8 hivi, na unywele wa mtu ni kama 70, kwa hiyo hata lenzi ndogo inatosha. Simu kwenye kijicho inapiga picha nzuri ukiifunga isitikisike. Funga pia mwangaza na rangi ya kamera, usiiachie ijiamulie, la sivyo kila picha itakuwa na rangi yake na hazitaungana. Kila picha ikanyage theluthi moja ya jirani yake, kisha uziunganishe kwa Hugin, programu ya bure. Juu ya picha hiyo chora tabaka kwa Inkscape, programu ya kuchorea, kila tabaka rangi yake. Kaa na chipu za miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, zenye tabaka moja la alumini. Baada ya hapo tabaka zinaongezeka, la juu linaficha la chini, na mistari inasogelea nusu maikromita, ambapo mwanga wenyewe unaishiwa nguvu ya kutofautisha.

Kisheria usihofu. Marekani ilitunga sheria ya kulinda michoro ya chipu mwaka 1984, ulinzi ni wa miaka 10, na sheria hiyo hiyo inaruhusu kuichunguza kwa ajili ya kujifunza. Programu iliyomo ndani ni jambo tofauti, ina haki zake. Itumie kufufua mizani yako, usiiuze.

Ikiwa mita itanikanusha, na miguu ya chipu yako haifuati mpangilio niliokupa, huenda umeshika chipu ya milango iliyopangwa tayari. Kiwanda kilitengeneza silikoni yenye seli mamia zinazofanana, kisha mteja akachora alumini ya juu peke yake. Kampuni ya Ferranti iliwatengenezea Sinclair, watengeneza kompyuta, moja ya namna hiyo, na kompyuta ya ZX81 ya mwaka 1981 ikatosha kuwa na chipu 4 tu. Chipu kama hiyo, ukiisoma seli moja umezisoma zote, kazi inayobaki ni kufuata nyaya. Hata hapo tutaanzia nje: tutarekodi kila mguu unafanya nini mizani ikiwaka, kabla ya kugusa plastiki.

Kwa hiyo anza na mita. Ukishasoma, niandikie baiti 16 za kwanza, pamoja na mpangilio wa miguu 18, 20 na 21 uliokujibu. Ukipata FF kwa mipangilio yote minane, piga picha bodi pande zote mbili, taa ikimulika kutoka ubavuni ili njia za shaba zionekane, unitumie.